Nani Atapiga Filimbi?

Mazungumzo ya redioni. Masomo: Mwanzo 4:19–24, Kutoka 21:18–19

  

Leo tumekuja na habari ya mchezo. Twajua wako wazee watakaosema, "Pasta amekosa Neno, ametuletea mpira." Vumilieni kidogo, wazee wetu. Mpira wenyewe tutauacha upesi. Tutakalobaki nalo ni kichwa cha mtu.

Katika mtaa wetu wa kanisa yuko kijana mmoja, mwana kwaya, mrefu kama mlingoti. Siku za juma hubeba abiria kwa pikipiki, na Jumamosi hucheza raga. Hatutamtaja jina, maana mama yake anasikiliza. Raga si mgeni katika mji huu. Klabu ya Nakuru imecheza miaka mingi katika uwanja wa Nakuru Athletic Club, tena ilichukua Kombe la Kenya mara 2 mfululizo, 2013 na 2014. Siku hizi wako pia Menengai Oilers, na timu hizo mbili za mji mmoja zikikutana, hata ibada ya jioni hupungua watu. Mashindano ya Prinsloo nayo huleta wageni mpaka vyumba vya kulala vikakosekana. Lakini kijana wetu hachezi huko juu. Yeye ni wa timu ndogo, ambao viatu vyao huazimana.

Jumamosi moja alikuwa amekwisha kuutoa mpira mkononi, naye amesimama akiutazama unakokwenda. Mtu wa upande wa pili akaja mbio, akamkumba kwa bega kwenye taya. Mwamuzi alikuwa ameufuata mpira kwa macho, kama inavyompasa, hakuona. Filimbi haikulia, kadi haikutoka. Kijana akaanguka, akainuka, akapangusa magoti, akaendelea. Watazamaji wakampigia makofi kwa ushujaa wake. Baada ya robo saa akamwuliza mwenzake, "Tuko ngapi kwa ngapi?" Akajibiwa. Punde akauliza tena swali lile lile. Kisha akaenda pembeni akatapika.

Hapa tusimame kidogo, maana wazazi wengi hawajui jambo hili. Ubongo wa mtu umo ndani ya fuvu kama maziwa ndani ya kibuyu. Ukikitikisa kibuyu kwa nguvu, kwa nje hakina ufa, hakina doa, lakini mama aliyeyatia maziwa ajua kwamba ndani mambo yamegeuka. Si lazima mtu azimie. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuuliza neno moja mara mbili, hizo zatosha. Na pigo la pili, likija kabla ya lile la kwanza kupona, laweza kuua. Kwa hiyo kanuni ya raga yasema wazi kwamba mchezaji wa ngazi kama ya huyu wetu, akishukiwa tu kuwa ameumia ubongo, atolewe uwanjani wala asirudi siku hiyo. Akishukiwa, haisemi mpaka ithibitike. Basi yale makofi ya ushujaa, ndugu zangu, yalikuwa makofi ya ujinga, na mikono yetu ilikuwamo.

Jumapili baada ya ibada tulikwenda kumtazama. Daktari alikuwa amemkataza mchezo wiki 3, na pikipiki vilevile. Tulikuta sebule imejaa wachezaji wenzake, vijana wa heshima, wakatupisha kiti. Mama akaleta chai. Tukaomba. Tulipokwisha kusema amina, mmoja wao akasema, "Pasta, usijali. Wale tutakutana nao tena. Yule namba saba wao, tunamjua." Wote wakacheka.

Nasi tukacheka.

Tunalisema hili mbele yenu kwa sababu ndilo lililotufanya tuandike mazungumzo haya. Kicheko kile kilikuwa cha mtu mzima mwenye kola shingoni, aliyesomea theolojia, akitia baraka juu ya shauri la kumvunja mtu. Tulifika nyumbani tukala vizuri. Usiku usingizi haukuja.

Tulifungua Mwanzo sura ya 4. Sote twamjua Kaini. Watu wachache wamkumbuka Lameki, mjukuu wa mbali wa Kaini, aliyewaita wake zake wawili wamsikilize akijisifu: kijana alimjeruhi, naye akamwua kijana. Tena akapiga hesabu. Ikiwa kisasi cha Kaini ni mara 7, chake yeye kitakuwa mara 77. Tazameni hesabu ile. Jeraha limelipwa kwa kifo, na bado aliyelipa ahesabu kwamba anadai. Ndiyo sababu Bwana wetu, Petro alipomwuliza habari ya kusamehe mara 7, alichukua hesabu ya Lameki akaigeuza kichwa chini.

Iko habari moja kutoka mbali ambayo yatufundisha jinsi hesabu ya Lameki inavyokwenda uwanjani. Ni ya mchezo wa hoki ya barafuni. Msiucheke, hata hapa Kenya upo, tangu ulipofunguliwa uwanja wa barafu katika Hoteli ya Panari kule Nairobi mwaka 2005, na vijana wetu waitwao Ice Lions wakajifunza huko, hata mwaka 2018 wakaalikwa Kanada. Katika mchezo huo watu huteleza kwa viatu vya chuma kwa mwendo wa kasi sana, na kukumbana ni halali. Katika ligi yao kubwa ya Kanada na Marekani iko desturi ya zamani isiyoandikwa, kwamba nyota wa timu akiumizwa, wenzake humtafuta aliyemwumiza.

Tarehe 16 Februari 2004, Steve Moore wa timu ya Colorado alimkumba Markus Näslund, nahodha wa Vancouver, akamwumiza kichwa. Waamuzi hawakutoa adhabu, na wakuu wa ligi walipoangalia upya walisema pigo lilikuwa halali. Wenzake Näslund hawakuridhika. Maneno ya kisasi yakasemwa waziwazi, yakaandikwa magazetini. Tarehe 8 Machi timu zikakutana tena Vancouver. Mapema katika mchezo Moore alikubali kupigana ngumi na Matt Cooke wa Vancouver. Kwa desturi yao ile hayo yangekuwa malipo, mambo yaishe. Hayakwisha. Kipindi cha tatu, Colorado wakiwa mbele kwa mabao mengi, Todd Bertuzzi akamfuata Moore kwa nyuma, akamshika fulana. Moore hakugeuka. Bertuzzi akampiga ngumi ya kichwa kutoka nyuma, akamwangukia, na uso wa Moore ukagonga barafu. Pingili 3 za shingo zilivunjika. Hakucheza tena katika ligi ile maisha yake yote.

Siku 2 baadaye Bertuzzi alilia mbele ya waandishi wa habari. Alifungiwa, hakurudi katika ligi mpaka 2005. Mahakamani alikiri kosa la kumdhuru mtu. Na kesi ya fidia ikaendelea hata 2014 ndipo ikamalizwa kwa mapatano. Miaka 10! Kwa ajili ya deni ambalo lilikuwa limelipwa mapema jioni ile ile, kama deni la kisasi lingekuwa na risiti.

Ndugu, tusiyasikie haya kama habari za Wazungu na barafu yao. Sisi wa mji huu neno "kulipiza" tunalijua kwa sura nyingine. Uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 ulipovurugika, watu waliumizwa mahali fulani. Na mwisho wa Januari 2008, hapa Nakuru na kisha Naivasha, watu wengine kabisa walilipishwa. Aliyechomewa nyumba huku hakuwa amemgusa yule aliyeumizwa kule. Tume ya Waki ilihesabu waliokufa nchini kote kuwa 1,133. Wakati ule sisi tulikuwa kijana mwenye miaka ishirini na kitu, na twakumbuka kwamba vijana waliokuwa wakikusanyika njiani hawakusema kwamba wanakwenda kufanya uovu. Walisema wanakwenda kusawazisha. Ni neno la mpira, kusawazisha. Basi tulipokumbuka kicheko chetu pale sebuleni, tuliona haya.

Sasa twauliza: ni nini kilichokosekana? Hasira haikosekani kamwe, wala hatusemi mtu akipigwa asikasirike. Kilichokosekana ni filimbi. Pigo la kwanza lilipita bila mtu mwenye haki ya kuhukumu kuliita kosa, na mahali palipo wazi namna hiyo Lameki huja akakaa.

Wakuu wa raga duniani waliliona jambo hili, wakalishughulikia kwa bidii ambayo sisi wa makanisa tungeweza kuionea wivu. Kumkumba mtu juu ya mstari wa mabega ni kosa tangu zamani, ila adhabu ilikuwa hafifu. Mwanzoni mwa 2017 waliongeza ukali. Mwaka 2019 wakampa mwamuzi utaratibu wa maswali, wakaunyosha tena 2021. Je, kichwa kimeguswa? Je, aliyekumba amekosea? Hatari ilikuwa kubwa kiasi gani? Je, kuna la kumpunguzia, labda aliyekumbwa aliinama ghafla? Angalieni, swali la "Je, alikusudia?" si la kwanza. Mtu aweza kuvunja taya ya mwenzake bila chuki hata kidogo, na taya ikawa imevunjika. Akipewa kadi nyekundu hupelekwa mbele ya kamati. Kwa pigo la hatari kichwani hesabu huanzia kwa kawaida wiki 6, na akikiri kosa na kuonyesha majuto, naye hana rekodi mbaya, zaweza kupunguzwa mpaka nusu. Iko hata njia ya kupunguziwa wiki moja akikubali kurudi shule, yaani kufundishwa upya na mwalimu wake jinsi ya kumkumba mtu kwa usalama. Twalipenda sana hilo. Mwenye kosa haambiwi "toka" tu, aambiwa pia "njoo ujifunze."

Wala hawakumwogopa mkubwa. Katika fainali ya Kombe la Dunia, tarehe 28 Oktoba 2023 mjini Paris, nahodha wa New Zealand, Sam Cane, alipewa kadi nyekundu kwa kumgusa mpinzani kichwani kwa bega. Timu yake ikashindwa na Afrika Kusini 12 kwa 11. Kwa pointi 1, fainali ya dunia! Na miaka 12 kabla yake, 2011, nahodha wa Wales, Sam Warburton, alitolewa katika nusu fainali kwa kumwinua Mfaransa na kumwangusha vibaya. Wales walishindwa 9 kwa 8, nchi nzima ikamlaani mwamuzi. Baadaye Warburton mwenyewe alisema mwamuzi alikuwa sahihi. Twafikiri ungamo hilo lilikuwa na thamani kuliko ushindi, ingawa twajua Mwales hatakubaliana nasi.

Hata wale wa hoki waligeuka, kwa kuchelewa. Yule Matt Cooke tuliyemtaja alikuja kumpiga mtu mwingine kichwani Machi 2010, asifungiwe hata mechi moja, maana kanuni yenyewe haikuwepo; mwezi ule ule ligi ikaitunga. Mwaka uliofuata alipompiga mwingine kwa kiwiko, alifungiwa mechi zote zilizobaki za msimu pamoja na raundi ya kwanza ya mchujo. Akarudi akiwa mtu mwingine. Watu waliona mchezo wake umebadilika, adhabu zake zikapungua sana. Mwaka 2014 akajikwaa tena, akampiga mtu kwa goti, akafungiwa mechi 7. Hatuifichi sehemu hiyo ya mwisho. Ninyi mnaotubu kila mwaka kwa ajili ya dhambi ile ile mtamwelewa.

Lakini, wapendwa, Paris kuna kamera kila pembe. Uwanja wetu una mwamuzi mmoja, na mbuzi wawili wanaokatiza. Pigo lisipoonekana limepita. Ndipo tunapoihitaji Kutoka sura ya 21. Musa aeleza habari ya watu wawili waliogombana, mmoja akampiga mwenziwe kwa jiwe au kwa ngumi, asife ila alazwe kitandani. Akiinuka na kutembea na fimbo yake, aliyempiga hatauawa. Lakini atamlipa kwa ajili ya siku alizopoteza, na kumwuguza mpaka apone kabisa. Siku alizopoteza! Neno la Mungu lajua ya kuwa mtu wa pikipiki akilala wiki 3, mkopo wa pikipiki haulali.

Kadi nyekundu ni njema, twaitetea. Yauondoa mkono wa kisasi kwa yule aliyeumizwa na wenzake. Ila kadi haiendi kumwona mgonjwa. Mwenye kosa aweza kumaliza wiki zake 6 akarudi safi machoni pa kamati, hajapata kukijua kitanda cha yule aliyemwangusha. Musa hakuliacha hivyo. Alimtuma mpigaji mpaka chumbani.

Basi Jumatatu tuliwaita wale vijana. Tukawaambia kwamba tulipocheka tulikosa, tukawaomba radhi. Walitazamana, nadhani hawakuzoea kuombwa radhi na pasta. Yule wa "namba saba tunamjua" alisema, "Lakini Pasta, refa hakuona. Tufanye nini, tunyamaze?" Tukamwambia, hapana, msinyamaze. Kunyamaza si msamaha, nako humpa Lameki nafasi. Nahodha wao akaandika barua kwa wasimamizi wa mechi, akaeleza lililotokea, saa na mahali, bila tusi. Kisha tukaenda naye kumwona nahodha wa upande wa pili. Tulidhani tutafukuzwa. Alisikiliza, akasema kwamba yeye aliona, na wenzake waliona, na tangu siku ile hakuna aliyelitaja kwa sababu kila mmoja alingoja mwingine aanze.

Yule namba saba ni fundi wa magurudumu, kijana wa miaka 19. Siku ya kwanza alifika kwa mama akasimama langoni. Mama hakufungua. Hatumlaumu. Siku ya pili alikuja na mama yake mzazi, na unga, sukari, na pesa za siku 6 za pikipiki, akisema nyingine ataleta akilipwa. Akina mama wale wawili wakakaa ndani, wana wakakaa nje kwenye ngazi, hakuna aliyejua aanze wapi, mpaka mgonjwa alipomwuliza mwenziwe kama taya lake ni gumu kweli kama jiwe au bega la yule bado linauma.

Tulimwuliza mama baadaye kama amemsamehe. Alitujibu hivi: "Chai nimempa, Pasta. Hayo mengine nitaona Jumamosi."

Maana Jumamosi hii timu zile zinarudiana. Kijana wetu hachezi, siku zake hazijatimia, atakaa pembeni. Tumeomba wachezaji wakubaliane na jambo moja tu: atakayemwona mwenzake ameguswa kichwa ainue mkono, hata kama ni wa upande wake, hata kama timu yake inaelekea kufunga. Wamekubali, wa pande zote mbili. Wazee wa kanisa watakaokuja nao tumewaomba, na hasa mmoja aliyepiga kelele mechi iliyopita, "Mvunje huyo!" Anajijua. Alikuwa karibu nasi, na hatukumwambia neno.

Ninyi mnaosoma haya katika gazeti la kanisa mtakuwa mmekwisha kujua jinsi mechi ilivyokwenda. Sisi tunaozungumza leo hatujui. Inaanza saa 9 alasiri. Waombeeni wale vijana 30 uwanjani, na mwamuzi aliye peke yake, na mama mmoja atakayekuwa amesimama nyuma ya goli la upande wa barabara, na kitambaa cha Chama cha Akina Mama kichwani, akimtazama namba saba.